Nimeanguka klinikali ya sajari na imajensi, imebaki wiki tatu nirudie, nisome vipi?

kijana_wa_changamwe

Habari zenu jamani. Nasomea uklinika ofisa hapahapa Mombasa, mwaka wa mwisho. Juzi matokeo yametoka, karatasi za kuandika nimepita zote lakini klinikali ya sajari na imajensi, yaani mtihani wa vitendo wa upasuaji na dharura, nimeanguka, nimepewa nafasi ya kurudia na imebaki wiki tatu. Kinachoniuma ni kwamba nilisoma. Nilisoma mpaka mamangu akawa aniamsha mezani alfajiri, kitabu cha sajari nimekimaliza kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, noti nimeziandika upya kwa kalamu za rangi tatu, ukiniuliza aina za mawe ya nyongo nakupa zote hapa hapa.

Sasa siku yenyewe. Stesheni ya kwanza kuna mdoli kitandani na karatasi ukutani: kijana wa miaka 24 amedungwa kisu kifuani upande wa kulia, ameletwa na tuktuk, apumua kwa taabu. Mi nikaanza vile tulivyozoea wodini, nikajitambulisha, nikauliza jina, kazi, ameoa au bado, avuta sigara, nyumbani kuna mtu ana kisukari... kengele ikalia ndo kwanza naweka stetoskopu kifuani. Mtahini hakusema neno, aliandika tu.

Stesheni ya moto nayo, mama wa kilo 60 ameungua asilimia 30, ameungua saa mbili asubuhi akafika hospitali saa nne. Fomula ya Parkland, ile ya kuhesabu maji ya dripu kwa aliyeungua, naijua, nne mara kilo mara asilimia, nikapata mililita 7200 sawasawa, nusu yake ndani ya masaa nane. Nikahesabu hayo masaa kuanzia saa nne alipofika.

Halafu kesi ndefu nikapewa mzee mmoja wa Likoni, mpole sana, nikamuuliza mzee shida ni nini akanambia "mwanangu nna mshipa, wanisumbua nikibeba mzigo". Wazazi wangu ni watu wa bara, Kiswahili nimekipata shule na mtaani, mi nikaelewa mishipa ya damu. Nikamlaza, nikapima pulsi za miguu yote miwili, nikagusa joto la miguu, nikauliza kama akitembea mguu wauma, dakika ishirini zote nimo miguuni. Alikuwa na henia (ngiri). Naambiwa hata sikumsimamisha.

Swali langu, wiki tatu hizi nikianza kitabu upya nitafika? Na kama si kitabu basi nisome nini, na kwa njia gani? Naomba mtu aliyepitia anisaidie, ada ya kurudia mamangu amekopa kwa chama na sitaki tena kurudi nyumbani na habari kama hii.

bintimvita

Pole kakangu. Mi nilirudia mwaka jana nikapita kwa hivyo mlango bado uko wazi. Kile kitabu kikubwa kifunge leo usiku, kiweke juu ya kabati. Tuko watatu twakutana Tudor kila Jumamosi baada ya adhuhuri kwa mwenzetu mmoja ana sebule kubwa, mmoja awa mgonjwa, mmoja mtahini na mmoja ndo yuko kwa moto, yaani ndo atahiniwa, twapima kwa saa ya simu. Mara ya kwanza ntakwambia ukweli utatetemeka hata mbele ya marafiki, mi nililia. Njoo, wa nne twamhitaji.

daktari_wa_zamu_ya_usiku

Kijana nimesoma ulichoandika mara mbili. Nimefanya kazi kazualti za Pwani hii mwaka wa kumi na moja sasa na nimekaa kwenye kile kiti cha mtahini mara kadhaa, kwa hivyo ntakueleza kinavyoonekana kutoka huko.

Wewe umesoma magonjwa. Kitabu chaanza na jina, juu kimeandikwa nyumothoraksi (hewa iliyoingia kifuani nje ya pafu), chini sababu, halafu dalili, halafu matibabu mwisho kabisa. Mtu hajaletwa kwako na jina shingoni, ameletwa na kisu na pumzi hazimtoshi, na jina utalipata ukishamgusa, pengine ukishamtibu. Hizo wiki tatu zitumie kukigeuza kitabu kichwa chini. Chukua daftari jipya, kila ukurasa juu andika vile mtu anavyoingia mlangoni. Tumbo limemshika ghafla. Atapika na tumbo limejaa. Ameanguka na bodaboda na hajitambui. Ameungua na mafuta ya viazi karai. Korodani yamuuma tangu alfajiri. Mguu una plasta na maumivu hayashuki hata kwa sindano. Ametolewa baharini. Ameumwa na nyoka shambani. Kumi na tano zatosha. Na kila ukurasa jibu mambo mawili tu kabla ya mengine yote: nini chaweza kumuua huyu kabla sijamaliza kuongea naye, na mkono wangu waanzia wapi.

Tumchukue yule kijana wako wa kisu. Ule mpangilio wa njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, ufahamu, halafu umvue nguo umtazame mwili mzima, najua umeukariri, kila mtu ameukariri. Lakini wajua watoka wapi? Februari 1976 kule Nebraska Marekani daktari mmoja wa mifupa, James Styner, alikuwa arusha ndege yake ndogo na familia ndani ikaanguka shambani usiku. Mkewe alifariki palepale, watoto wakaumia vibaya. Alipowafikisha hospitali ya karibu akaona wale watu hawajui waanzie wapi, na akasema kama mimi mwenyewe shambani naweza kutoa huduma bora kuliko hii basi kuna kitu kimekosekana kwa mfumo. Kozi ya kwanza ya majeruhi kwa mpangilio huo ikafundishwa 1978. Nakusimulia hii manake wanafunzi wengi wauona huo mpangilio kama shairi la kukariri, wausema halafu warudi kuuliza jina na kazi. Uliwekwa ili mtu asiwe na haja ya kufikiria aanze wapi. Jina na kazi utauliza akishapumua.

Kwa hivyo waingia, glavu, wamwita kwa sauti, akikujibu neno moja njia ya hewa iko wazi kwa sasa. Oksijeni kwa maski yenye mfuko, lita 15. Kifua wazi. Tazama pande zote mbili zapanda sawa? Shingo, koromeo limesogea upande wa pili? Mishipa ya shingo imevimba? (Hii ya mwisho kama amemwaga damu nyingi huenda usiione, usije ukaingoja.) Halafu gonga. Hapa ndo pa kuwa makini manake kidole chako chatofautisha vitu viwili: upande ule ukilia kama ngoma na pumzi huzisikii, na presha yashuka, ni hewa imefungiwa ndani yasukuma moyo, na hapo hakuna eksirei. Ukitamka eksirei kwa mgonjwa huyo mtahini ashajua huyo mgonjwa amekufa njiani akisukumwa kwa korido. Watoa hewa kwa sindano halafu waweka bomba. Ukigonga ukasikia pamekufa, pamejaa, basi ni damu, na bomba likitoa lita moja na nusu papo hapo huyo ni wa thieta, chumba cha upasuaji, piga simu huku mikono yafanya kazi.

Mambo ya moto sasa. Hesabu yako ilikuwa sawa, saa ndo haikuwa sawa. Mwili ulianza kupoteza maji saa mbili asubuhi alipoungua, haukungoja kadi ya hospitali. Masaa nane kutoka saa mbili ni saa kumi alasiri. Nusu ya 7200 ni 3600, na kutoka saa nne hadi saa kumi una masaa sita, kwa hivyo ni mililita 600 kila saa, halafu ile 3600 nyingine masaa 16 yanayofuata. Kama njiani alipewa chupa moja, itoe kwa hesabu. Dripu ni ya Ringa, na mahali palipokuwa pekundu tu bila malengelenge hupahesabu kwa asilimia. Halafu nambari hii yote ni mahali pa kuanzia, kinachokuambia umempa ya kutosha ni mkojo, mtu mzima nusu mililita kwa kilo kwa saa, huyu mama wako ni kama 30 kwa saa, kwa hivyo bila katheta, mpira wa mkojo, wewe waendesha gari usiku bila taa. Na kabla ya hesabu yoyote msikilize sauti. Akiwa sauti imekwaruza, nywele za pua zimeungua, makohozi yana masizi, mwite mtu wa nusukaputi saa hiyo hiyo, koo likishavimba bomba halipiti. Nimewaona wanafunzi wahesabu vizuri kabisa na mdoli koo limefunga kitambo.

Tumbo ntasema kidogo manake hili ukikosea wapoteza mtu. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo, kipimo cha mimba. Hata kama amesema hana mume, hata kama ana sindano ya uzazi wa mpango, hata kama dalili zote za kidole tumbo zimekaa sawa. Mimba nje ya kizazi ikipasuka yaweza kuanza na maumivu ya bega na kizunguzungu tu. Na anayetapika, tumbo limejaa, hajapitisha hata upepo, usimwache kabla hujafunua kinena. Henia iliyojinyonga yajificha chini ya shuka na wewe wapapasa tumbo juu.

Korodani iliyojisokota una kama masaa sita tangu maumivu yaanze. Hapo ukimpeleka altrasaundi kesho umemkata hiyo korodani.

kalamu_nyekundu

Nakubaliana na daktari lakini nambari pia zaulizwa, tusimdanganye mtoto wa watu. Mi nilipita kwa sababu nilibandika nambari ukutani mbele ya kitanda. Mtu wa kilo 70 ana damu kama lita tano. Akipoteza hadi 750 haonyeshi kitu, kati ya 750 na 1500 pulsi yapanda juu ya mia na awa na wasiwasi lakini presha ya juu bado iko sawa, kati ya 1500 na 2000 ndo presha yaanguka, akipita 2000 asinzia na yuko mlangoni. Hapo ndo watu wengi wakosea, waona presha 118 waandika yuko sawa na kumbe ashapoteza lita na zaidi.

Skeli ya Glasgow ya kupima ufahamu (hii ni ya 1974), macho 4, sauti 5, mwendo 6, jumla 15, na hata maiti hupata 3, hakuna sifuri. 8 kushuka fikiria kumwekea bomba la hewa. Shida huwa kwa mwendo: ukimbana akileta mkono palepale panapouma ni 5, akivuta tu mkono aukimbize ni 4, akikunja mkono kifuani vibaya ni 3, akinyoosha ni 2. Zisemee kila moja mbele ya mtahini, usitoe jumla peke yake.

Traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, gramu moja kwa dakika 10 halafu gramu moja kwa masaa 8, lakini ianze ndani ya masaa matatu tangu aumie, ule utafiti mkubwa wa 2010 ulihusu majeruhi zaidi ya elfu ishirini. Kukandamiza kifua 100 hadi 120 kwa dakika, sentimita 5 hadi 6, 30 kwa pumzi 2. Adrenalini ya aleji kali ni nusu miligramu kwenye paja, kwenye msuli, si kwenye mshipa. Na sindano ya hewa kifuani nafasi ya pili kati ya mbavu, katikati ya mtulinga.

daktari_wa_zamu_ya_usiku

Kalamu nambari zako nzuri, ila hiyo ya mwisho turekebishe. Toleo la 2018 la kozi ya majeruhi limehamisha sindano ya mtu mzima, sasa ni nafasi ya nne au ya tano, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, kwa sababu kifua cha mbele kwa watu wengi ni kinene na sindano haifiki. Mtoto bado ni nafasi ya pili. Kijana, mbele ya mtahini taja mahali unapodunga na useme kwa nini, hapo hata aliyefundishwa zamani hatakukata.

Na kwa yule wa bodaboda asiyejitambua, kabla hujampigia skeli yoyote pima sukari. Sekunde kumi tu. Nimekutana na mtu amefungwa shingo, ametafutiwa skani, kumbe sukari ilikuwa chini ndo ikamwangusha. Mwingine wa kumwogopa ni yule aliyezimia, akaamka, akaongea vizuri mpaka akataka kwenda nyumbani. Ukimruhusu mshipa wa pembeni ya fuvu waendelea kutoa damu, baada ya saa moja au mbili jicho moja limepanuka.

sista_wa_wodi_ya_sajari

Mwanangu nimesoma nikasikitika, si kwa ajili ya mtihani, kwa ajili ya yule mzee wa Likoni. Amelala dakika ishirini kijana amshika miguu na yeye ameshasema shida yake kwa neno sahihi kabisa. Mimi nimefanya wodi za upasuaji zaidi ya miaka thelathini na daktari hapo juu amesema kweli tupu, ila kuna kitu kimoja hakukigusa, labda kwa sababu yeye ni mtu wa hapa hakisikii tena. Mgonjwa wa Pwani atakupa jibu kwa Kiswahili chake na kitabu chako ni cha Kiingereza, na wewe hapo katikati ndo daraja.

Kwa hivyo kwenye hilo daftari la daktari, chini ya kila ukurasa andika maneno ya watu. Mzee akisema mshipa, yaweza kuwa ngiri ambayo ndo henia, na yaweza kuwa busha, maji kwenye mfuko wa korodani. Hapa Pwani mabusha na matende yako tangu enzi kwa sababu ya wale minyoo wanaoletwa na mbu, usije ukashangaa. Sasa utatofautisha vipi? Msimamishe. Simama ubavuni mwake, usikae mbele. Mwambie ageuze uso upande wa pili akohoe, uone kama kinapiga mkononi. Halafu jaribu kukamata juu ya uvimbe, ukiweza kufika juu yake kwa vidole uvimbe huo umeanzia kwenye mfuko wenyewe, ukiwa huwezi basi umeshuka kutoka tumboni. Tochi nyuma ya mfuko chumba kikiwa giza, ukiwaka mwekundu ni maji. Mlaze uone kama kinarudi chenyewe. Na kama kiko chini ya mfupa wa kinena na kwa nje yake kidogo, hasa kwa mama, hiyo ni henia ya pajani na ndo yenye tabia ya kujinyonga, usiipe tarehe ya mbali.

Mama akikwambia chango lamsumbua usiandike minyoo ukamaliza. Chango huku mwanamke alitumia kama jina la maumivu yote ya chini ya kitovu, ya hedhi, ya kizazi, ya kutopata mtoto. Muulize siku zako uliona lini mara ya mwisho. Na usimuulize mbele ya mkwe wake! Mwombe mkwe atoke kidogo, sema wataka kumpima, mlango ukifungwa ndo uulize. Nimeona msichana amesema sijawahi mbele ya mama mkwe, na wakiwa wawili na muuguzi akasema wiki saba zimepita hajaona. Huyo aliingia thieta jioni ile ile.

Kichomi ni maumivu ya kudunga kifuani, yaweza kuwa nimonia na yaweza kuwa mapafu yamepata donge la damu, na mtu akiwa ametoka upasuaji wiki iliyopita shtuka. Donda ndugu ni kidonda kinachooza, miguu ya kisukari. Pepopunda waijua. Akisema nimefunga choo, mwulize na upepo je, watoka? Watu waona haya kusema kujamba mbele ya daktari kijana, kwa hivyo tumia upepo, atakuelewa na atakujibu.

Na heshima, mwanangu. Mzee wa miaka sabini wamwambia avue kikoi mbele yako na wewe ni sawa na mjukuu wake. Amkia, shikamoo mzee, vuta pazia, mwambie nataka kukutazama mahali pa mshipa, waniruhusu? Mfunike pengine pote. Hizi ni alama, zimeandikwa kwenye karatasi ya mtahini, lakini hata zisingeandikwa. Mkono uwe na joto. Muulize wapi pauma na uanze kupapasa mbali na pale, na macho yako yawe usoni kwake si kwenye tumbo.

kijana_wa_changamwe

Sijui niseme nini. Asante daktari, asante sana mama, na Kalamu pia. Hiyo ya kumwambia mkwe atoke hakuna mtu aliwahi kunifundisha. Nimetafuta daftari jipya nimeandika kurasa sita tayari, nimeanza na yule wa kisu na yule mzee.

Nina maswali mawili yamebaki. La kwanza, ule mdoli haonyeshi kitu, hana shingo iliyovimba, kifua ukigonga chalia plastiki. Sasa nitajuaje? La pili, nyoka na kuzama baharini daktari umetaja na hukueleza, na mwalimu wetu alidokeza yaweza kuja.

daktari_wa_zamu_ya_usiku

Mdoli haonyeshi kwa sababu jibu liko mdomoni mwa mtahini, na yeye haruhusiwi kukupa mpaka uombe. Kwa hivyo sema kila unachofanya huku wafanya. "Nagonga kifua kulia, nasikia nini?" Atakwambia. Ukigonga kimya kimya ukaenda mbele hana pa kuweka alama. Hii ndo sababu dada wa Mvita amekwambia mfanye kwa watu, sauti yenyewe yahitaji mazoezi, ukisoma peke yako chumbani hutaigundua.

Nyoka. Mtulize, mguu usitembezwe, pete na bangili zitolewe kabla hazijabana, usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Halafu jiulize ni sumu ya aina gani. Bafe avimbisha na kuozesha na kutoa damu, koboko alegeza kope kwanza, halafu kumeza, halafu pumzi, kwa hivyo mtu mwenye kope nzito mwandalie hewa kabla hajakata pumzi. Damu mililita mbili kwenye chupa ya kioo safi kavu, iache bila kutikiswa dakika 20, iinamishe, ikimwagika bado maji basi haigandi na anahitaji dawa ya kuzuia sumu. Uwe na adrenalini mkononi ukiianza manake dawa yenyewe yaweza kuleta aleji. Usisahau pepopunda.

Aliyetolewa baharini shida yake ni hewa, moyo umesimama kwa kukosa oksijeni, kwa hivyo waanza na pumzi ndo ukandamize kifua. Usipoteze muda kumning'iniza kichwa chini kumwaga maji, nimeona watu Bamburi wafanya hivyo na dakika zapita. Na akiamka akasema niko sawa, mweke umwangalie, mapafu yaweza kubadilika masaa kadhaa baadaye.

Ule mguu wa plasta pia nimeuona hukuuliza. Maumivu yamezidi jeraha, na ukimnyoosha vidole vya mguu apiga kelele, fungua plasta yote mpaka ngozi na umwite mpasuaji. Usingoje pulsi ipotee, ikipotea msuli ushakufa.

bintimvita

Jumamosi hii basi twaanza saa nane. Kaka njoo na hilo daftari na saa, mi ntakuwa yule mama wa chango na shangazi yangu amekubali kuwa mkwe, amesema hatoki chumbani mpaka aombwe vizuri.

kijana_wa_changamwe

Nakuja. Naleta na tochi.

sista_wa_wodi_ya_sajari

Ya simu haitoshi mwanangu, yatawanya mwanga. Nunua ile ndogo ya kalamu pale Mwembe Tayari, na betri uzijaribu kabla hujaondoka dukani.